Magitaa ya Mwaka Uliofungwa

Nimeuza mbao Kitale tangu siku za kusukuma mkokoteni, na leo nina yadi yenye mashine mbili za kupasua magogo na lori lenye jina langu ubavuni. Shule niliachia darasa la sita. Nayasema haya si kwa kujisifu, ingawa nikijisifu pia ni haki yangu, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Nimewauzia mbao wajenzi wa makanisa, wa mashule na wa majumba ya wakubwa. Mteja aliyewahi kugonga mbao yangu bora kwa kidole, akainama akaisikiliza, kisha akaniambia, "Hapana, hii haijamaliza kulia," akaenda zake mikono mitupu, ni mmoja tu.

Huyo nitamwita Fundi. Jina lake alikuwa nalo, lakini hata kanisani kwao walimwita Fundi, na mke wake alimwita Fundi mbele ya wageni. Alitengeneza magitaa ya umeme pale Kamukuywa, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, kwa chumba cha mabati ambacho unga uliingia mpaka kwa kikombe chake cha chai. Mwili wa gitaa aliuchonga mwenyewe kwa patasi na randa. Shingo aliichonga mwenyewe. Hata kile kipande cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi, ambacho yeye alikiita sikio, alikifanya mwenyewe kwa sumaku za spika za redio zilizokufa na waya wa shaba aliouzungusha polepole kama mtu anayesuka mtoto nywele. Nyuzi peke yake ndizo alizonunua.

Lakini kilichomfanya ajulikane kuanzia Bungoma mpaka kwetu Kitale si ustadi peke yake. Mafundi tunao. Ni kwamba alitengeneza magitaa kwa marika.

Sisi wenye asili ya Bungoma tunaelewa rika bila kuelezwa. Vijana wanatahiriwa pamoja mwezi wa Agosti, mwaka wao unapewa jina, na mlango unafungwa. Uliyeingia naye kisu siku hizo ni mwenzako mpaka kaburini. Aliyekosa anangoja msimu mwingine, hata kama ni mrefu kuliko wote. Fundi aliichukua desturi hii na kuiweka kwa magitaa. Anapata mti mmoja, au mbao kutoka mahali pamoja, anatengeneza magitaa kutokana na hiyo, anayapa jina, kisha anafunga. Mabaki yote anampa mke wake apikie. Hata kama kipande kilichobaki kingetosha gitaa jingine zuri, kinaenda jikoni. Nimekula ugali pale kwake uliopikwa kwa mvule safi kabisa, na mimi kama mtu wa mbao uliniuma kushuka.

"Papa, hiyo ungeniuzia," nilimwambia siku moja, maana wazee kwetu tunawaita Papa, yaani baba.

"Ukanunue ya kwako. Hii imemaliza mwaka wake."

Rika la kwanza liliitwa Radi, kutokana na muringa uliopigwa na radi karibu na shule ya msingi. Watu waliogopa hata kuokota kuni zake. Yeye alikwenda na msumeno, akiwa amevaa tai yake ya kanisani, akaukata kama mti mwingine wowote. Magitaa ya Radi yalikuwa mepesi na yalilia kwa sauti ya juu, na bendi za harusi ziliyapenda. La pili liliitwa Mabenchi. Kanisa lao lilinunua viti vya plastiki, mabenchi ya zamani ya mvule yakatolewa nje, na yeye akayachukua. Hapo kuna kichekesho, kwa sababu kanisa lenyewe halikuruhusu gitaa ndani, na yeye alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukaa mbele kabisa. Nilimuuliza haoni shida kutengenezea watu wa baa gitaa kwa benchi ambalo mama zake walikuwa wanalipigia magoti.

"Haya mabenchi yameimba miaka yote," akanijibu. "Sasa yanabadilisha tu kiitikio."

"Na pasta akikuuliza?"

"Mimi natengeneza. Sipeleki."

Kisha kulikuwa na Ghala, kutokana na nguzo za ghala la mahindi lililobomolewa huku kwetu Trans-Nzoia. Hilo lilikuwa rika baya. Mti ulikuwa umekunywa dawa za wadudu miaka mingi, sauti ikatoka nzito kama ya mtu mwenye mafua. Mimi ningeyaficha. Yeye aliyapa jina, akayaachia watu kwa bei ndogo, akasema hata rika lenye wezi ni rika. Na la mwisho, lile ambalo wanaopiga gitaa wakilitaja wanashusha sauti, ni Daraja. Serikali ilijenga daraja la simiti, mbao za lile la zamani zikang'olewa. Hizo mbao zilikuwa zimekanyagwa na ng'ombe, na maharusi, na majeneza. Fundi alizigonga moja moja pale kando ya mto, na ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka peke yake.

Tabia zake zilikuwa za ajabu kidogo. Akitaka kujua kama gitaa liko sawa, hakulichomeka kwa spika kwanza. Aliuma ncha ya shingo ya gitaa kwa meno, akapiga uzi mmoja, akafumba macho. Alisema masikio yanadanganywa na furaha, meno hayana furaha. Hakujua kupiga hata wimbo mmoja. Hakuaga mtu. Mkimaliza mazungumzo aligeuka akashika randa, ukajua umeaga. Na alikuwa mkali kwa mteja mwenye haraka, lakini mlevi mmoja wa pale sokoni, aliyekuwa na Radi lake limepasuka kifua, alitengenezewa bure mara nyingi hata mke wa Fundi akachoka. "Si aache kuliangusha," mama alisema. Fundi akamwambia, "Anaanguka yeye. Gitaa linamfuata tu."

Nilimpeleka Mabanga wakati mmoja, siku ya maonyesho ya wakulima, kwa lori langu na kwa mafuta yangu. Nilimtafutia nafasi kati ya watu wa mbegu na watu wa ng'ombe wa maziwa. Wazo lilikuwa langu, na lilikuwa wazo zuri. Akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, miwani mizito, mkoba wa ngozi, akashika gitaa la Daraja kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenyewe. Alikuwa mkusanyaji. Alitueleza kwamba huko ng'ambo viwanda vikubwa navyo hufanya hivyo hivyo: wanatoa magitaa machache ya aina moja, wanapiga kila moja namba mgongoni, wanafunga, na miaka ikipita watu wanayatafuta kama dhahabu. Aliijua historia yote, ni rangi ipi ilitoka ikakatwa, ni mbao ipi ilipigwa marufuku ikabaki kwa yale ya zamani tu. Fundi alimsikiliza kwa heshima kubwa.

"Sasa, mzee, haya ya Daraja ni mangapi?" bwana akauliza.

"Yapo."

"Nauliza idadi."

"Una watoto?"

"Ninao."

"Umewapiga namba mgongoni?"

Yule bwana alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa kidole, na Fundi hakuwahi kuhesabu magitaa yake kwa sauti, wala hakuacha mtu ayahesabu mbele yake. Bwana alieleza kwamba bila idadi hawezi kumthibitishia mtu yeyote kwamba ni machache. Akaondoka bila gitaa. Nilikasirika njia nzima.

"Papa, huyo angekununulia yote."

"Angenunua yote," alisema, "halafu nani apige?"

Mimi ningeandika namba. Nasema wazi. Mtu akiniuliza nina mbao ngapi yadi, namwambia mpaka vipande. Na hapo ndipo mlango wa nyuma ulipoachwa wazi, kwa sababu kama hakuna anayejua Daraja ni mangapi, hakuna atakayeshtuka moja likiongezeka.

Fundi alikuwa na kijana mmoja wa kiume. Mikono yake ilikuwa mizuri, pengine mizuri kuliko ya baba, na hilo nalisema nikiwa nimeona kazi za wote wawili. Lakini alikuwa na kidonda kimoja cha zamani. Mwaka wa rika lake alishikwa na malaria Julai, Agosti ikampita amelala. Mama aliomba apelekwe hospitali akatahiriwe Desemba, kimya kimya, ahesabiwe na wenzake. Fundi alikataa. Mwaka umefungwa. Kijana akangoja msimu mwingine, akaingia na watoto aliokuwa akiwachunga, na wale wenzake wa kweli wakamwita mdogo wetu mpaka akiwa na ndevu. Ukimwona akinyamaza kwenye mkutano wa wanaume, hiyo ndiyo sababu.

Mbao za Daraja zilipofungwa, kijana alipewa mabaki ayapeleke jikoni. Alipeleka kiasi. Nyingine aliziweka chini ya kitanda. Alipooa akahamia Kibomet, huku kwetu Kitale, alizibeba, akafungua karakana ndogo kando ya nyumba ya kupanga. Mbao za kawaida alinunua kwangu. Za Daraja alizifanya magitaa, akayachoma alama ambayo baba yake aliweka kwa kila gitaa, jembe dogo, akayauza kama Daraja. Na yalikuwa Daraja, bana. Mti ni ule ule, mto ni ule ule. Tofauti moja tu: shingo aliifunga kwa skrubu badala ya gundi, ili ikipinda mtu aitoe airekebishe. Baba alikuwa anaichukia skrubu kama dhambi.

Haikuchukua muda. Siku ya soko Kamukuywa, mpiga gitaa mmoja alimletea Fundi lake jipya amshukuru. Mimi nilikuwepo. Fundi alilipokea vizuri, akaligonga, akaliuma, akafumba macho. Watu wakasogea karibu. Alipofumbua, alilirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Sauti ni nzuri," alisema. "Lakini huyu alizaliwa nyuma ya nyumba."

Watu walicheka, maana walidhani anasema gitaa. Na yeye nadhani alikuwa anasema gitaa. Lakini maneno yalipanda barabara mpaka Kibomet kabla ya giza, na huko hayakufika kama maneno ya gitaa.

Nikajipa kazi ya kuwapatanisha. Nani mwingine angeifanya? Mimi nimepatanisha watu wa mashamba na mapanga mkononi. Nilimwendea kijana kwanza, nikamkuta akipiga msasa.

"Niaje, mzee wa mbao," akanisalimu.

"Nenda nyumbani ukamwone baba yako. Umwombe msamaha, yaishe."

"Nimwombe ati nini? Nimeiba? Ni kuni hizo. Alitaka zichomwe, mimi nikazipa kazi."

"Uliweka alama yake."

"Nani alinifundisha kuichoma? Aje hapa. Aje aone navyofanya, akishaona aniambie kwa mdomo wake ni mbaya. Hajawahi kuingia hii karakana hata siku moja. Si ni hapo tu?"

Kweli ni hapo tu. Nikashuka Kamukuywa.

"Papa, ni kijana wako."

"Nimekataa gitaa. Sijakataa mtoto."

"Yeye haoni tofauti."

"Basi aje nimwonyeshe tofauti."

"Anasema uende wewe. Anataka uone kazi yake."

Fundi akatazama nje, kule kwa kinu. "Nitaenda," alisema. "Akishamaliza hasira." Akageuka, akashika randa. Nikajua nimeaga.

Ikawa hivyo. Huyu anangoja yule aje, yule anangoja huyu amalize hasira, na mimi katikati napanda na kushuka na lori langu. Nilimwambia Fundi nitampeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, akae mbele kama mkubwa. Alisema baada ya mavuno. Baada ya mavuno akasema baada ya Pasaka. Nilikuwa na uhakika mambo yataiva, kwa sababu mambo yangu huiva.

Msimu wa mvua, kifua kilimshika kijana. Alikuwa akipaka vanishi ndani ya chumba kilichofungwa ili vumbi lisiingie, na kikohozi alikuwa nacho kwa muda. Walifikiri ni homa. Alilazwa siku chache, akafa.

Tulimzika Kamukuywa, kwa boma la baba yake. Kaburi lilichimbwa na wale wadogo aliotahiriwa nao, na nikawaona wale wengine, wale aliowakosa kwa sababu ya malaria, wamesimama kando na mikono mfukoni, hawajui kama ni haki yao kushika koleo. Wapiga gitaa walikuja wengi na magitaa yao mgongoni. Mengi yalikuwa ya Kibomet, yenye skrubu. Wazee wa kanisa wakaanza kunong'onezana kama magitaa yaruhusiwe kuingia kwenye ua. Wakamtazama Fundi, kwa sababu yeye ndiye angetoa uamuzi siku nyingine zote. Alipita kwa wapigaji mmoja mmoja, akisalimia, na kwa kila mmoja macho yake yalishuka kwa gitaa yakakaa hapo. Hakugonga hata moja. Wakapiga. Hakuna aliyewazuia.

Nikadhani hapo ndipo mwisho. Nilirudi Kitale, nikaendelea na mbao zangu. Miezi ikapita, kisha Fundi akanipigia simu. Hakuwahi kunipigia. Alisema neno moja tu.

"Kuja."

Nilimkuta karakanani asubuhi, jua linaingia kwa matundu ya mabati. Alikuwa amepungua. Tai ilikuwa shingoni, lakini shati lilikuwa limekuwa kubwa. Juu ya meza kulikuwa na kitu kimefungwa kwa shuka safi. Hakunikaribisha kiti.

"Niliendea vitu vyake Kibomet," alisema.

"Ulienda?"

"Nilienda. Chumba ni kizuri. Ameweka dirisha upande wa mwanga. Mimi sikuwahi kuwa na dirisha."

Akafungua shuka. Ulikuwa mwili wa gitaa, haujamalizika, mbao ya Daraja, ule wekundu wake naujua popote. Kijana alikuwa ameuchonga mpaka ukawa mwembamba pembeni, kitu ambacho sijakiona kwa magitaa mengine yote. Na chini ya pale ambapo mkono wa mpigaji hulala, alikuwa amechora kwa penseli. Mstari uliopinda kama njia ya maji, na mwisho wake alama ndogo ya msalaba, mahali ambapo tundu lingekuja. Tundu la nini, hapo ndipo shida.

"Nataka kulimaliza," Fundi alisema. "Na skrubu, kama alivyokuwa akifanya. Nimenunua skrubu."

Alinionyesha. Zilikuwa kwenye karatasi, mpya, zimepangwa.

"Lakini hapa sielewi. Wewe ulikuwa unamwona. Hapa alitaka kuweka nini?"

Nikaushika ule mwili nikautazama, nikaanza kama kawaida yangu. Nikamwambia labda alitaka kupunguza uzito, vijana wa siku hizi hawapendi kitu kizito, au labda ni njia ya waya, kwa sababu nimeona huko Eldoret—

"Alikuambia?"

"Hapana."

"Basi usiniambie labda."

Kinu kilikuwa kimenyamaza, umeme ulikuwa umepotea. Nilimsikia kuku akiparua nje.

"Nimewauliza wapigaji," alisema. "Nimewauliza mafundi wa Kibomet. Nimemuuliza mke wake."

"Mke wake alisemaje?"

"Alisema hata yeye alimuuliza. Akamwambia, nyamaza, mzee akija ataona mwenyewe."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama anavyosema mbao imefika au haijafika. Kisha akaniangalia, na nikaona bado anangoja. Alikuwa na imani kwamba mtu kama mimi, mwenye yadi na lori, niliyekuwa naingia karakana ya kijana kila wiki kupeleka mbao na kupiga domo, lazima nilisikia kitu. Nikatafuta kichwani. Nilimkumbuka akipiga msasa, akikohoa, akinitania kuhusu tumbo langu. Sikumbuki hata siku moja nilimuuliza anatengeneza nini.

"Sijui, Papa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

"Sasa utalimalizaje?"

"Nitalimalizaje na sijui alikuwa anaenda wapi?"

Akanipa pembe moja ya shuka nishike. Tukalifunga tena, upande wake na upande wangu, na muda wote hakuwa akitazama mkono wake. Alikuwa akitazama kidole changu, kisije kikagusa mstari wa penseli.